Uzi: Baka lililoinuka kwenye ngozi. Kabla hujapaka chochote, lishike kwanza

TabibuNyikani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki humu bila mtu kuweka picha ya baka la mkononi au mgongoni na kuuliza "hii ni nini?" Majibu yanakuja mbio: fangasi hiyo, ukurutu huo, umekojolewa na buibui, nenda famasi waambie wakupe ile tyubu ya mchanganyiko. Basi leo nimepata nafasi, natiririka.

Mimi ni afisa tabibu, ngozi nimeisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Sasa nipo wilayani, mbali na lami. Sina mashine za ajabu. Nina macho, vidole, kioo cha kukuzia, pamba na hadubini moja ya maabara.

Nazungumzia mabaka ya mwinuko tu. Yaani eneo la ngozi lililonyanyuka, upana wake ni mkubwa kuliko kimo chake, kuanzia kama sentimita moja kwenda juu. Kadogo kuliko hapo ni kipele. Ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho na usijue baka limeanzia wapi, hilo ni doa, halina mwinuko. Utangotango na mbalanga ziko huko kwenye madoa, zina siku yake, msinijazie uzi.

Sasa tatizo letu kubwa. Huu utaratibu wa kupanga magonjwa ya ngozi kwa umbo la kitu chenyewe (kipele, baka, lengelenge, gamba) uliwekwa sawa na Robert Willan, daktari wa London, mwishoni mwa karne ya 18. Wagonjwa wake walikuwa weupe, kwa hiyo vitabu vilivyofuata karibu vyote vinaanza na wekundu. "Baka jekundu lenye magamba." Mgonjwa wangu ni Mgogo mweusi tii, huo wekundu nautoa wapi? Kwenye ngozi yetu ule uvimbe unaotoa wekundu kwa Mzungu unatokea kama zambarau, kijivu, kahawia iliyoiva, au weusi uliozidi weusi wa pembeni. Mtu anayesubiri kuona wekundu atapishana na ugonjwa mlangoni.

Kwa hiyo rangi naiweka mwisho. Kwanza ukingo: umekatika wazi au unayeyukia kwenye ngozi nzima? Kisha juu yake: kuna magamba, na yameshikaje? Katikati kukoje ukilinganisha na pembeni? Linawasha? Lina hisia? Limekaa wapi mwilini, na upande wa pili nako lipo? Lina muda gani? Na swali ambalo watu hawapendi kulijibu: umeshapaka nini?

Naendelea chini.

Mtoto wa Ubungo

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, simu za siku hizi zina kamera kali, kwa nini usiangalie tu picha?

TabibuNyikani

Mkuu, kamera haishiki. Nusu ya hayo niliyotaja hapo juu yanajulikana kwa kidole. Halafu simu nyingi zinalainisha ngozi zenyewe bila kuulizwa, magamba yote yanapotea. Picha nitaangalia, lakini jina la ugonjwa sitakupa humu.

TabibuNyikani

TUANZE NA SORIASISI, maana hii ndiyo baka la mwinuko lenyewe hasa.

Ukingo wake umekatika kabisa, unaweza kuuchora kwa biki bila kusita. Juu kuna magamba meupe ya kung'aa, makavu, yamepangana. Chukua ubao wa kubonyezea ulimi (au ukucha wako) ukwangue taratibu: magamba yanatoka unga mweupe kama nta ya mshumaa iliyokwanguliwa. Ukiendelea kukwangua unafika kwenye utando mwembamba, na ukiutoa huo unaona vitone vidogo vidogo vya damu. Hilo la vitone linabeba jina la daktari Heinrich Auspitz. Msikae nyumbani mnakwanguana, natoa picha tu ya kinachofanyika.

Sehemu zake ni viwiko, magoti, kichwani, kiuno kwa nyuma. Mara nyingi kulia na kushoto zinalingana. Angalia na kucha: vishimo vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, au ukucha unanyanyuka kutoka kwenye nyama yake. Uliza na viungo, hasa vidole vinavyokakamaa asubuhi. Wapo wanaotibiwa "baridi yabisi" sehemu moja na "fangasi" sehemu nyingine, kumbe ugonjwa ni huo huo mmoja.

Kuna alama nyingine naipenda: mgonjwa akijikwaruza na mwiba au akichanjwa chale, baada ya siku kadhaa baka linaota kwa kufuata mstari ule ule wa jeraha. Daktari Heinrich Koebner aliieleza karne ya 19. Huku kwetu mtu akishaona mabaka yamefuata chale, tayari ana jina la jirani aliyemroga.

Haiambukizi. Narudia kwa sababu nimeona mke anatenganishiwa vyombo. Ni kinga ya mwili inayoifanya ngozi ijitengeneze haraka kupita kiasi. Inaweza kuamshwa na maambukizi ya koo, baadhi ya dawa za presha za jamii ya propranololi, klorokwini, pombe. Na ikija ghafla, nzito, mwili mzima, kwa mtu ambaye hakuwa nayo, napima VVU siku hiyo hiyo.

Wambo_Nakuru

Daktari asante sana. Mum yangu ako na hizi magamba kwa kichwa miaka mingi, tumekuwa tukisema ni mba. Nitajuaje tofauti?

TabibuNyikani

Dada, mba ni laini, ina mafutamafuta, inakaa ndani ya nywele na pengine kwenye nyusi na pembeni ya pua. Soriasisi ya kichwani ni nene, unaisikia kwa vidole hata kabla ya kufungua nywele, na inapenda kuvuka mstari wa nywele ikatokeza kwenye paji au nyuma ya masikio. Mwangalie mama viwiko, kitovu na kucha. Ukikuta kitu huko, mpeleke kliniki ya ngozi. Msiendelee kubadilisha shampoo.

Wambo_Nakuru

Kucha ziko na hizo vishimo, zote. Wacha tupange twende.

TabibuNyikani

FANGASI. Choa, mashilingi, kila mtu ana jina lake.

Baka la choa lina tabia ya kukua kwenda nje huku katikati likipona. Kwa hiyo mwinuko uko pembeni: pete yenye ukingo ulionyanyuka, una magamba membamba na vipele vidogo, na katikati ngozi imetulia kidogo. Linawasha, hasa ukitoka jasho. Mara nyingi liko upande mmoja au halilingani kulia na kushoto, tofauti na soriasisi.

Uthibitisho wake ni rahisi na bei yake ni ndogo. Unakwangua magamba ya UKINGONI (siyo katikati, huko fangasi ameshahama), unayaweka kwenye kioo, tone la potasiamu haidroksaidi, unasubiri, unaangalia kwenye hadubini. Unaona nyuzi ndefu zenye matawi zimepita katikati ya seli. Ukiziona hizo ubishi umekwisha. Maabara ya kituo cha afya inaweza kufanya hivyo, shida ni kwamba hakuna anayeagiza.

Sasa naomba mnisikilize hapa, hata mkiruka mengine yote.

Ile tyubu ya mchanganyiko mnayopewa famasi ina vitu vitatu ndani: dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali, mara nyingi betamethasoni au klobetasoli. Steroidi inazima uvimbe na muwasho ndani ya siku chache. Mgonjwa anafurahi. Fangasi naye anafurahi, kwa sababu kinga ya ngozi iliyokuwa inamzuia imelazwa usingizi. Ule ukingo unaozungumza unafutika, magamba yanapungua, pete inavunjika. Ukiacha kupaka linarudi kubwa zaidi, limesambaa, halina umbo la kitu chochote. Ukilileta kwangu wakati huo, ushahidi umeshafutwa na dawa uliyouziwa. Pamoja na hilo ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea mapajani na kwapani, na hiyo michirizi haiondoki.

Kwa soriasisi hadithi ina ubaya wake pia. Steroidi ya kupaka ina nafasi yake, chini ya mtu anayejua kiasi na muda. Lakini vidonge au sindano za steroidi "za kukausha" ndizo balaa: zikikatishwa, ugonjwa unaweza kulipuka, mwili mzima ukajaa vijipu vya usaha. Huyo analazwa.

Choa la mwilini, likiwa dogo, klotrimazoli au terbinafini ya kupaka inatosha. Unapaka kupita ukingo kama sentimita mbili, na unaendelea hata baada ya kuona limepona. Mapunye ya kichwani kwa watoto hayaponi kwa kupaka, fangasi yuko ndani ya shina la unywele. Hapo ni vidonge, kwa mfano griseofulvini, inyweke pamoja na chakula chenye mafuta.

Ngosha Halisi

Mkuu sisi kijijini tulikuwa tunapaka maji ya betri. Siku tatu limekauka.

TabibuNyikani

Ngosha, ile ni asidi ya salfuriki. Inaunguza ngozi, na fangasi wa juu anaungua nayo. Kilichokauka ni kidonda. Nina wagonjwa wenye kovu la duara saizi ya kifuniko cha ndoo, na choa jipya limeota pembeni ya kovu.

Ngosha Halisi

Duh. Nina kovu kama hilo pajani aisee.

TabibuNyikani

UKOMA. Najua wengine mtaruka hapa. Msiruke.

Baka la ukoma wa aina ya kavu linaonekana hivi: ukingo umenyanyuka na umekatika wazi, katikati pamebonyea kidogo, pakavu, rangi imepauka au ina shaba shaba. Haliwashi. Haliumi. Vinyweleo vimepungua. Mtu akilima juani mwili mzima unatoka jasho, pale hapatoki. Ndiyo maana linakaa miaka bila mwenyewe kushtuka. Baka lisilosumbua nani atalipeleka hospitali?

Kipimo ni pamba. Unavuta ncha yake iwe nyembamba. Unamwonyesha mgonjwa kwanza huku anaangalia: nikikugusa hapa, weka kidole pale nilipogusa. Akishaelewa, anafumba macho. Unagusa ngozi nzima, unagusa baka, unarudi ngozi nzima, unakwenda kwenye baka tena, bila mpangilio. Unagusa, huburuzi. Mtu mwenye ukoma ataonyesha sehemu zote nzima sawasawa, ukifika kwenye baka anakaa kimya, anasubiri umguse. Wengine wanauliza, "bado hujaanza?"

Kisha unashika mishipa ya fahamu: nyuma ya kiwiko, pembeni ya shingo, nyuma ya goti kwa nje. Ikiwa mnene kama kamba, na ina maumivu ukiibonyeza, umemaliza kazi.

Tahadhari: siyo kila ukoma unakufa ganzi kwenye baka. Aina ile yenye vimelea vingi inaweza kuja na mabaka mengi, laini, yanayong'aa, yenye hisia kamili, masikio yananenepa, nyusi zinaanza kupukutika kwa nje. Hao wanaambiwa wana mzio.

Kimelea chake aligundua Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873. Kinakua polepole mno. Toka kuambukizwa hadi baka la kwanza ni wastani wa miaka 5, na inaweza kufika 20. Dawa ni mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, miezi 6 ukiwa na mabaka hadi matano, miezi 12 ukiwa na zaidi. Ni BURE, na mtu akishaanza dawa uwezo wa kuambukiza wengine unashuka haraka sana. Mkojo utakuwa mwekundu kwa sababu ya rifampisini, ngozi itazidi kuwa nyeusi kwa sababu ya klofazimini. Nawaambia mapema, maana dada mmoja aliacha dawa kwa ajili ya weusi huo, harusi ilikuwa karibu. Tulimrudisha.

Pwani Tulivu

Tabibu samahani, ukoma si uliisha Tanzania? Nakumbuka walitangaza.

TabibuNyikani

Kilichotangazwa mwaka 2006 ni kwamba kitaifa tumeshuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Huo ni wastani wa nchi. Wilaya moja inaweza kuwa haina kabisa, nyingine ina vijiji ambavyo kila mwaka vinatoa wagonjwa. Duniani mwaka 2022 waligundulika wapya zaidi ya 170,000, wengi India, Brazili na Indonesia. Jirani zetu Wakomoro, hasa visiwa vya Nzwani na Mwali, wana kiwango cha juu sana ukilinganisha na idadi ya watu wao.

Ugonjwa ukitangazwa umekwisha, kinachoisha haraka ni watu wanaoujua. Vijana wanaotoka chuoni sasa wengine hawajawahi kushika mshipa ulionenepa. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Kama zahanati yako inasitasita, mwulize mganga mfawidhi akuunganishe na huyo.

Pwani Tulivu

Shukrani sana. Na nikikaa nyumba moja na mgonjwa?

TabibuNyikani

Walio wengi kinga zao zinakishinda kimelea bila wao kujua. Ila mnapaswa wote mkaguliwe ngozi, uchi kabisa, kwenye mwanga wa jua, siyo kufunua shati. Na tangu 2018 WHO inapendekeza dozi moja ya rifampisini kwa wanaokaa na mgonjwa, baada ya kuhakikisha hawana dalili za ukoma wala kifua kikuu.

Na hili nimelisahau juu: mgonjwa wa ukoma ambaye mabaka yake ghafla yamevimba, yamepata joto, mkono unaanza kulegea, hata kama alishamaliza dawa, huyo ni wa haraka. Mshipa unakufa ndani ya wiki. Apelekwe leo.

TabibuNyikani

Mengine nayapitia mbio.

Laikeni: mabaka ya zambarau-kijivu, bapa kwa juu, yanang'aa, yanawasha hadi mtu halali. Vifundo vya mikono kwa ndani, miundi. Fungua mdomo, ndani ya shavu utakuta mistari myeupe kama wavu. Yakipona yanaacha weusi wa miezi mingi, na watu wanauhesabu weusi huo kama ugonjwa, wanaendelea kupaka.

Ukurutu wa siku nyingi: ukingo hauna mpaka, ngozi imekuwa nene na mistari yake imejikunja wazi wazi kwa kukunwa. Mara nyingi nyuma ya shingo na vifundo vya miguu.

Lupasi ya ngozi: usoni, kichwani na ndani ya kikombe cha sikio. Gamba limegandia, katikati panapauka na kubonyea, pembeni pameiva weusi. Jua linaliamsha. Kichwani nywele zilizokwenda hazirudi, kwa hiyo hapa kuchelewa kuna gharama.

Saratani ya Kaposi: mabaka na vinundu vya zambarau iliyokaribia weusi, vigumu kwa kushika, haviwashi, miguuni zaidi, mguu unaweza kuvimba. Mwambie afungue mdomo utazame kaakaa. VVU apimwe, na akipatikana navyo ARV zenyewe ni sehemu kubwa ya matibabu.

Kaswende ya hatua ya pili: inaiga kila kitu. Ukiona mabaka yasiyowasha, yameshuka hadi viganjani na nyayoni, usijadili sana, toa damu. Tiba ni sindano ya penisilini.

Kifua kikuu cha ngozi: baka moja, usoni au makalioni, linakwenda polepole kwa miaka, upande mmoja linaacha kovu, upande mwingine linasonga. Niels Finsen alipewa Nobeli mwaka 1903 kwa kulitibu kwa mwanga, kabla ya dawa kuwepo. Leo ni dawa zile zile za kifua kikuu.

Mabongebonge ya mzio: yananyanyuka, yanawasha, hayana magamba hata kidogo. Zungushia moja kwa biki. Kesho saa kama hii bonge limehama, duara la wino limebaki tupu? Ndiyo hayo. Likiwepo pale pale siku ya pili na ya tatu, rudi kwenye orodha. Na kama midomo inavimba au pumzi inabana, acha kuchora, kimbia hospitali.

Jinja Boy

Ongeza kidonda cha Buruli mkuu. Huku Uganda ndiko jina lilikotoka.

TabibuNyikani

Kweli kabisa, asante. Daktari Albert Cook aliandika habari za vidonda vile pale hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Watu wanajua kidonda tu, lakini kabla ya kidonda kinaweza kuwa baka gumu lisilouma, limeshikana na ngozi, mkononi au mguuni, kwa mtoto hasa. Hatua hiyo inatibika kwa antibayotiki za wiki 8 bila upasuaji mkubwa.

Mama Junior wa Kibaha

Tabibu nisaidie. Nina mabaka tumboni na mapajani, nimepaka hiyo tyubu ya mchanganyiko karibu mwaka. Nikiacha wiki moja yanarudi kwa hasira. Wiki ijayo naenda kliniki ya ngozi. Niache kupaka kuanzia leo ili waone vizuri?

TabibuNyikani

Mama Junior, mwaka mzima na eneo lenyewe ni tumbo na mapaja yote, usikate ghafla peke yako. Steroidi nyingi inapita kwenye ngozi inaingia mwilini, na tezi zinazotengeneza ile ya asili zinaweza kuwa zimelala. Ukisikia uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu ukisimama, kutapika, usisubiri wiki ijayo. La sivyo nenda siku yako, usipake asubuhi hiyo, usipake mafuta wala poda. Wataamua wao namna ya kukupunguzia, na huenda wakakurudisha baada ya muda wakwangue ukingo.

Nenda na tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha. Jina la steroidi limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, ndilo la kwanza watakalolitafuta.

Mama Junior wa Kibaha

Zipo kama kumi hivi kwenye droo. Nazibeba zote.